Gonga Kwanza

Kipande cha kwanza cha siling'i kilianguka Aprili 2024, saa tano usiku, mvua ya Kitale ikiwa imekaa juu ya mabati kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima. Hakikuniumiza. Kiliangukia laptopu, katikati ya kibodi, kikasambaratika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Wakati huo nilikuwa naandika insha ya mwanafunzi fulani wa chuo kikuu huko ng'ambo. Jina lake sikulijua na hakulijua langu. Kurasa nane, mada ilikuwa makazi ya bei nafuu, na alizitaka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.

Nilipangusa kibodi na kanga, nikaweka karai chini ya shimo, nikamaliza insha. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa tatu.

Asubuhi keyateka alikuja na kopo la rangi nyeupe na brashi. Alipandia kiti changu cha pekee, akapigilia kipande kipya cha jipsamu pale palipokuwa na shimo, akapaka rangi hicho kipande na lile doa lote lililokizunguka, akashuka. "Imeisha hiyo," akasema. Dakika ishirini hazikufika. Kwa wiki mbili nilikuwa na siling'i nyeupe kuliko kitu chochote nilichomiliki. Kisha doa likarudi, rangi ya strungi, kubwa kuliko mwanzo, na ukingo wake ulikuwa na mistari kama ramani.

Chumba cha mwisho kwenye ploti yetu kilikuwa cha mzee mmoja mwashi. Kila mtu alimwita Mzee tu, hata wazee wenzake. Jioni moja alikuja kuomba kuchajisha simu, maana tokeni zake zilikuwa zimeisha. Akainua macho.

"Nani alipaka hapa?"

"Keyateka."

"Huyo amepaka maji rangi."

Hilo ndilo somo la kwanza. Kazi ya siling'i huanzia juu ya mabati. Kesho yake Mzee alipanda kwa ngazi ya jirani, akaniita nipande nione. Msumari mmoja wa mabati ulikuwa umepoteza raba yake, na tundu lililoachwa lilikuwa dogo kuliko punje ya hindi. Tundu hilo ndilo lililokuwa likinywesha siling'i yangu. Aling'oa msumari, akaweka mwingine mnene wenye raba mpya, akaziba pembeni kwa lami na kipande cha kitambaa. Nikadhani sasa tunarudi ndani. Akakataa. "Acha inyeshe mara mbili."

Ilinyesha mara mbili, na ile ilikuwa mvua ya 2024, mvua iliyofurika Nairobi na kubeba watu Mai Mahiu, kwa hivyo hatukungoja sana. Doa halikukua. Ndipo akachukua msumeno mdogo akakata mraba kuzunguka sehemu iliyooza, akaendelea kukata mpaka akafika kwenye mbao. "Kiraka kisicho na mbao nyuma yake kinashikiliwa na matumaini," alisema. Jipsamu hunyonya maji. Ikishalowa hulegea na kuwa nzito, na hata ikikauka haiwi tena ile ya kwanza. Kwa hivyo haiponywi, inakatwa. Akafunga kipande kipya kwa skrubu kwenye mbao, akabandika utepe wa wavu kwenye maungio, akapaka fila mara tatu, kila mara nyembamba, kila mara akingoja ikauke kabla ya kupiga msasa. Mimi nilishika tochi.

Nilimpa mia tano na chai. Akaniuliza, "Na wewe mchana unafanya kazi gani? Nakuona ndani tu."

Jibu lilikuwa ngumu wiki hiyo. Akaunti yangu ya kuandikia ilikuwa imefungwa baada ya mteja kulalamika, na pesa zilizokuwa ndani zilifungiwa humo humo. Kodi ilikuwa karibu. Nikasema, "Natafuta."

"Kesho saa moja. Vaa viatu vimefunika."

*

Mtu wa mkono kwenye mjengo hana siri. Kila mtu anaona kama umechoka. Nilichekecha mchanga, nikabeba maji, nikajaza karai, nikapeleka karai, nikarudi na karai tupu. Mia sita kwa siku, inalipwa jioni, mkononi. Vijana waliuliza kama nimepotea njia ya kwenda ofisini. Siku ya tatu waliacha, kwa sababu siku ya tatu nilikuwa bado nipo.

Nilidhani plasta ni simiti na mchanga na nguvu. Mzee alinionyesha vingine. Alichukua chupa ya maji ya kunywa, akatia mchanga hadi kama nusu, akajaza maji, akatikisa, akaiweka kando. Baada ya muda mchanga ulikaa chini, na juu yake ukakaa utando wa udongo laini. "Ukiona huo utando ni mnene, rudisha huo mchanga. Utapasuka wote." Alinifundisha kipimo: karai moja ya simiti kwa karai nne au tano za mchanga, na si kwa kukadiria na sepetu, maana sepetu moja hujaa na nyingine haijai. Alinifundisha kulowesha ukuta kabla ya kupiga, kwa sababu tofali kavu litanyonya maji ya plasta kabla simiti haijashika, na plasta itabaki vumbi lenye umbo la ukuta. Alinifundisha kwamba koroga iliyoanza kukauka haiamshwi kwa maji. Unaitupa, hata kama roho inauma. Na kwamba simiti haikauki kama nguo. Inakomaa kwa maji, kwa hivyo ukuta mpya unanyunyiziwa asubuhi na jioni angalau siku saba.

Lakini neno lake kubwa lilikuwa "Gonga kwanza." Tulipopelekwa kukarabati nyumba za zamani, mwenye nyumba angetuonyesha ufa: ni huu hapa, zibeni. Mzee angetoa sarafu ya shilingi ishirini, akaanza kugonga mbali kabisa na ufa. Tik, tik, tik. Plasta iliyoshika hutoa sauti fupi, ya kujibu. Iliyoachana na ukuta hutoa sauti ya debe. Angezungushia penseli sehemu yote ya debe, na mara nyingi duara hilo lilikuwa mara tano ya ule ufa. Wenye nyumba walikasirika. Walikuwa wameita fundi wa ufa mmoja, sasa wanaonyeshwa nusu ya ukuta.

Na ufa wenyewe hauzibwi vile ulivyo. Kila mtu anajua ile methali ya kuziba ufa, lakini methali haisemi ziba vipi. Unachukua tindo na nyundo, unaufungua kwanza, unaupanua uwe na mdomo, unachimba mpaka penye ukuta mgumu, unapiga brashi vumbi litoke, unalowesha, ndipo unajaza. Ukipaka juu ya ufa mwembamba, umeuficha tu. Kwa siku moja nyumba inaonekana mbaya zaidi kuliko ulivyoikuta, na hakuna njia ya kuikwepa hiyo siku.

Mwezi Juni nilikuwa napiga plasta mwenyewe, vyumba vidogo, nyuma ya milango, mahali ambapo makosa hayaonekani. Usiku niliendelea kuandika, sasa makala fupi za wavuti, pesa kidogo. Na kila Jumapili nilimpigia mama simu na kumwambia niko atachimenti.

*

Inabidi nieleze hiyo atachimenti.

Baba alifariki nikiwa kidato cha nne. Mwaka wa kwanza wa chuo mama aliuza ng'ombe, na si fahali. Aliuza yule aliyekuwa anakamwa. Mwaka wa pili alikopa kwenye chama. Mwaka wa tatu alituma elfu ishirini na tano, akaniambia, "Mayi, hiyo ndiyo yote, jikaze." Salio la karo lilikuwa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Jina langu halikuwa kwenye orodha ya watakaofanya mtihani. Nilikaa hosteli siku nne nikihesabu, kisha nikafanya hesabu ambayo sikumwambia mtu: ile elfu ishirini na tano isingenitosha kufanya mtihani, lakini ingenunua laptopu ya mitumba na kulipa kodi ya mwezi mmoja mahali ambapo hakuna anayenijua. Nikachagua Kitale. Ni karibu na Bungoma kiasi cha kufika nyumbani mchana mmoja, na mbali kiasi cha mtu wa kwetu kutonikuta sokoni.

Nilijiambia nitarudi muhula ujao. Uongo wangu ulianza mwembamba hivyo. Muhula ulipita, ukaja mwingine, na kila mmoja nilipaka rangi juu: niko mitihani, tumepewa likizo, niko atachimenti.

Mwisho wa Juni mama alipiga siku isiyo Jumapili. Mdogo wangu wa kiume alikuwa ametangaza kwamba Agosti anaingia. Kwa Wabukusu, tohara huja Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, na 2024 ulikuwa mwaka wake. Maana yake wageni, ndugu wa baba, ndugu wa mama, majirani, watu wa kulala sakafuni sebuleni. Na ukuta wa sebule, mama alisema, unamwaga mchanga. Kila akifagia anakusanya kijiko. Fundi wa karibu alikuwa ameitisha elfu kumi na nane, bila simiti.

"Nitakuja niifanye," nikasema.

Kimya. "Wewe? Plasta umejulia wapi?"

"Atachimenti."

Haikuwa hata uongo mzuri. Nilikuwa nimemwambia nasomea takwimu.

*

Matatu ya Kitale kwenda Bungoma hupita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, kisha Webuye, halafu inageuka magharibi. Nilipanda na begi moja la nguo na gunia moja lenye mwiko, tindo, nyundo, pimamaji ya kuazima na ubao wa kunyoosha ambao kondakta aliutoza nauli ya nusu mtu. Kwetu ni nje ya mji, upande wa Chwele.

Nyumba ile aliijenga baba kwa matofali ya kuchoma, yale tuliyoyachoma wenyewe nyuma ya nyumba. Simiti ilikuwa ghali, kwa hivyo kati ya tofali na tofali aliweka udongo, na simiti akaitunza kwa plasta ya nje na ya ndani. Nyumba nyingi za Bungoma zimejengwa hivyo na zimesimama. Lakini ni ndoa ya watu wawili wenye tabia tofauti. Udongo ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa. Simiti haitaki kusogea. Mwaka baada ya mwaka mmoja anavuta na mwingine anakataa, na plasta inaachia.

Nilianza kugonga. Mama alikaa kwenye kiti cha baba akinitazama. Tik, tik, kisha debe, debe, debe. Chini yote, kutoka sakafuni hadi usawa wa goti, ilikuwa debe. Nikatoka nje kuona upande wa pili. Pale ukutani mama alikuwa na maua, safu nzima, mekundu na ya njano, ameyapandishia udongo mwaka hadi mwaka mpaka ukawa juu kuliko sakafu ya ndani. Na kila jioni aliyamwagilia. Mabati hayakuwa na mfereji, kwa hivyo mvua nayo ilianguka papo hapo na kurusha matope ukutani.

"Mayi, maua yatoke."

"Maua yamekukosea nini?"

"Yananywesha nyumba."

Alibishana kidogo, kisha akaenda mwenyewe kuyang'oa, moja moja na mizizi yake, akayahamishia kando ya njia. Mimi nikashusha udongo mpaka chini ya usawa wa sakafu, nikachimba mtaro, nikajaza kokoto. Siku mbili zikaisha kabla sijagusa sebule. Nilimsikia Mzee: huyo amepaka maji rangi.

Usiku tukiwa jikoni mama alisema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. "Kukhu yako angekucheka. Zamani hii ilikuwa kazi yetu." Ni kweli. Mwanamume alisimamisha miti na kuezeka. Kukandika ukuta kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe ilikuwa kazi ya wanawake, na kila Desemba au kabla ya sherehe waliurudia. Walijua udongo upi haupasuki, walijua kuchanganya nyasi zilizokatwa ili ushikane, walijua kuweka tabaka la kwanza likauke na kupasuka kabla ya la pili. Kisha simiti ikaja. Kampuni ya East African Portland Cement ilianzishwa 1933, Bamburi 1951. Huo ni umri wa kukhu za watu. Simiti ilipofika vijijini ilifika na fundi, na fundi alikuwa mwanamume, na ujuzi wa kina mama ukaitwa ushamba. Lakini ule ukuta wa udongo ulikuwa na faida moja: ulipoharibika, mwenye nyumba mwenyewe aliutengeneza, siku hiyo hiyo, bila kuomba mtu elfu kumi na nane.

Simuni, Mzee alinishauri nisirudishe simiti kali juu ya ukuta laini. "Changanya chokaa." Chokaa huilegeza plasta kidogo iweze kufuata mwendo wa ukuta na kuacha unyevu utoke. Watu wa pwani wanaijua kuliko sisi. Nyumba za mawe za Lamu, na vile vidaka vyake vilivyonakshiwa ukutani, ni kazi ya chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe, na zimesimama karne nyingi bila simiti. Nilinunua mfuko mmoja wa chokaa wa kilo 25 na mmoja wa simiti wa kilo 50. Kipimo kilikuwa simiti moja, chokaa moja, mchanga sita.

Ikabaki ufa.

*

Ulianzia kona ya juu ya dirisha na kupanda mshazari, kama nyufa nyingi za dirishani, hadi karibu na msumari.

Kwenye ukuta ule mama ana picha tatu. Ya harusi yao. Ya baba peke yake, ile iliyokuwa juu ya jeneza. Ya dada yangu mkubwa siku alipomaliza chuo cha ualimu, na joho na kofia. Kando ya dada kuna msumari mtupu. Ulipigiliwa juma nililopata barua ya kuitwa chuo, na umekaa hapo tangu hapo. Hakuna aliyewahi kutundika kitu, hata kalenda. Wageni wakiuliza, mama huwaambia ni wa nani.

Niligonga kuzunguka msumari. Debe. Ilibidi ile plasta yote itoke, kutoka kona ya dirisha hadi chini ya picha ya dada. Nikashusha picha moja moja, nikampa mama, akazifuta vumbi kwa leso. Kisha nikaushika msumari kwa koleo. Haukuhitaji nguvu. Ulitoka na kipande cha plasta kikubwa kama sahani.

"Uweke mahali utauona," mama akasema. "Tutaurudisha hapo hapo."

Nikasema, "Mayi, usirudishe."

Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimesimama kwenye stuli, mgongo kwake, vumbi machoni. Nikasema yote nikitazama matofali. Kwamba niliacha zaidi ya mwaka uliopita. Kwamba hakuna atachimenti. Kwamba ninaandikia watu insha na kubeba mchanga Kitale.

Aliuliza swali moja. "Na ile elfu ishirini na tano?"

"Nilinunua laptopu. Nyingine nikalipa nyumba."

Angenitukana ningejua la kufanya. Aliziweka picha juu ya kabati, zimetazama ukuta, akatoka. Nilimsikia kwenye zizi akiongea na ndama. Usiku ule alipika, akanipakulia, akala chumbani kwake. Kesho yake hivyo hivyo. Mdogo wangu alinitazama kama mtu aliyevunja kitu cha bei akiwa mgeni.

Nilifanya kazi kwa sababu hakukuwa na kingine. Nilibomoa plasta mbovu yote, ukuta ukabaki uchi, mwekundu, na alama za vidole vya baba kwenye udongo kati ya matofali. Kweli, vidole, alikuwa amesukumiza udongo kwa gumba. Nilikwangua ule uliolegea. Juu ya ufa nilitandaza wavu wa kuku, upana wa mkono mmoja kila upande, nikaushika kwa misumari iliyopitishwa kwenye vifuniko vya soda ili wavu usichomoke. Nilinyunyiza maji. Nilirusha tabaka la kwanza, nikalichora mistari kwa msumari ili la pili lipate pa kushikilia. Msumari huo ulikuwa ule ule. Ulikuwa ndio ulio karibu.

Siku ya tatu baada ya tabaka la mwisho niliamka saa kumi na mbili kwenda kunyunyizia, nikakuta sebule tayari imelowa. Mama alikuwa na ndoo na brashi ya kufagilia, ananyunyiza kutoka juu kwenda chini, polepole, bila kuruka mahali.

"Ni siku ngapi?" akauliza, bila kunitazama.

"Saba. Asubuhi na jioni."

"Na huko Kitale wanakulipa ngapi?"

"Mia sita. Nikipiga mwenyewe, elfu moja na mia mbili."

Akaendelea kunyunyiza. "Ng'ombe yule alikuwa anatoa lita nane," akasema. Ni hayo tu. Sikuwa na jibu na sina hadi leo. Ninaweka akiba ya kumnunulia mwingine, na bado iko mbali.

*

Plasta mpya inataka kama mwezi kabla ya rangi, na hatukuwa na mwezi. Dada alisema tupake tu, wageni hawatajua. Nilikataa. Kwa hivyo wageni wa Agosti walikuta sebule ya rangi ya maziwa na kiraka kikubwa cha kijivu katikati yake, kama mtu aliyevaa suti na bandeji.

Mdogo wangu alizunguka na chinyimba zake kualika watu, akaenda kwa khocha, watu wakaimba usiku kucha. Alfajiri walimpeleka mtoni wakampaka matope mwili mzima, akarudi na Sioyaye nyuma yake, akasimama uani bila kupepesa. Mama alimtazama mpaka mwisho. Mimi nilitazama miguu yangu.

Mchana, sebule ikiwa imejaa, senge alikielekezea kijiti cha meno kile kiraka. "Mbona hamkupaka rangi?"

"Bado inapumua," mama akamjibu. "Ukipaka sasa itabambuka."

Senge akatikisa kichwa, kisha akanigeukia mimi na swali nililokuwa nikilisubiri tangu nitoke Kitale. "Na wewe msomi, unamaliza lini?"

Nilimtazama mama. Alikuwa anagawa nyama. Hakunisaidia na hakunizuia.

"Niliacha, senge. Karo ilishinda. Niko mjengo. Huo ukuta ni mimi nimefanya."

Watu wawili watatu waliacha kutafuna. Senge aliutazama ukuta, akainuka, akaupitisha kiganja kutoka dirishani hadi kwenye kabati, jinsi mtu anavyopima kitambaa sokoni.

"Jikoni kwangu kunamwaga mchanga," akasema. "Utakuja lini?"

*

Nilienda Septemba. Akanilipa, ingawa alipunguza.

Novemba mama alinitumia picha kwa WhatsApp, ya kwanza tangu Julai isiyokuwa ya kumtumia pesa. Mstari mwembamba kama unywele ulikuwa umetokea karibu na kona ya dirisha. Moyo ulishuka. Nikampigia Mzee, nikitegemea aseme nibomoe. Akacheka. "Unywele si ufa bado. Mwambie achore penseli kwenye mwisho wake, aandike tarehe. Ukipita hiyo alama, tutaongea. Usipopita, ni ukuta tu unakaa vizuri."

Mama alichora. Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi, hunitumia picha ya kona ile: mstari, alama ya penseli, tarehe kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto. Hatuzungumzi mengi zaidi ya hapo. Huulizi kama nitarudi chuo, nami sisemi nitarudi. Sebule ilipakwa rangi Desemba, isipokuwa ile kona, ambayo amekataa iguswe. Msumari uko kwenye kopo juu ya kabati. Kila picha inakuja na neno moja chini yake, na mimi hulisoma zaidi ya mara moja.

"Haijasonga."